Nilifunga, Lakini Sikufunga

Sura ya Sita

Pale kituoni walimwita Pangaboi. Inspekta yule mama akianza kufikiri hakai. Huzunguka chumba kama feni ya darini, mikono mgongoni, viatu vikilia sakafuni, na yeyote aliyeketi mbele yake hugeuza shingo mpaka imuume. Asubuhi hiyo shingo iliyokuwa ikiteseka ilikuwa ya mwosha vyombo wa hoteli, mtu mzima mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji na sabuni, ambaye jikoni kote walimwita Sufuria.

"Soma tena," Inspekta alisema.

Sajenti alikohoa. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa kituo, kazi aliyopewa kwa sababu aliwahi kuishi ng'ambo, na hakuacha mtu asahau. Maelezo ya Sufuria yalichukuliwa kwa Kiswahili kisha yakageuzwa Kiingereza, maana wenye hoteli hawakujua neno la Kiswahili, na ndugu wa marehemu vivyo hivyo.

"'I cleaned the kitchen. I locked the cold room. I went home.'"

"Na yeye mwenyewe alisemaje?"

"'Nilisafisha jiko. Nikafunga chumba cha baridi. Nikaenda nyumbani.' Ni yale yale, Afande. Neno kwa neno."

Yale yale ndiyo yaliyomkosesha Inspekta raha. Mpishi Mkuu wa hoteli, mgeni aliyekuja na visu vyake kutoka kwao, alikutwa amekufa ndani ya chumba cha baridi, ameketi juu ya kreti la samaki, aproni amejifunika kichwani. Kwa nje mlango ulikuwa na kufuli. Ndani kuna kishikio cha dharura cha kumtoa mtu akifungiwa kwa bahati mbaya, lakini kufuli likishatiwa kwa nje, kishikio hicho hakifui dafu. Aliyetoka jikoni mwisho ni Sufuria. Na wiki hiyo hiyo Mpishi Mkuu alikuwa amemfokea mbele ya wenzake kwa sababu ya sahani zenye mafuta. Mkuu wa kituo aliyaweka hayo kwenye mizani, akaona yametosha. Faili lilitakiwa liwe kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa jioni, na shtaka lilikuwa la kuua kwa kukusudia. Likishafika kule, Sufuria angekwenda rumande, na kesi za namna hiyo huwa zinakaa mpaka watoto wa mtu wanamsahau sura.

"Afande," Sufuria alisema, "mimi nimeshasema mpaka koo limekauka. Kufunga nilifunga, lakini sikufunga."

Sajenti alicheka. "Unamsikia? Anataka kutuvuruga akili."

Inspekta alisimama. Hilo peke yake lilimfanya Sajenti anyamaze.

"Rudia."

Sufuria alitazama pingu zake, akatazama mlango. Inspekta alimwashiria ainuke. Akaenda mpaka mlangoni, akausukuma kwa bega ukagota.

"Hivi nilifunga." Kisha akainua mikono yake miwili iliyofungwa pamoja, akazungusha vidole kama anayegeuza ufunguo. "Hivi sikufunga. Ningefunga kwa kufuli gani, Afande? Chumba kile hakina kufuli. Ni wiki sasa."

"Sajenti," Inspekta alisema taratibu, "kwa Kiingereza hayo ni maneno mangapi?"

Sajenti alikuna kidevu. "Kuna 'close'. Na kuna 'lock'. Lakini kwetu yote ni kufunga, Afande."

"Na nikikufunga jela pia ni kufunga. Uliwezaje kuchagua 'lock' bila kumuuliza?"

"Mlango ulikutwa na kufuli! Ningechagua nini? Halafu mlinzi wa getini amesema alimsikia kwa masikio yake. Kila mfanyakazi anayemaliza zamu anatoa taarifa kwenye redio za mkononi, na sheria ya hoteli ni Kiingereza tu. Mlinzi anasema sauti ya Sufuria ilisema 'locked'. Hilo sikulitafsiri mimi."

Inspekta alimgeukia Sufuria. Mwosha vyombo alikuwa amekwisha kuketi, kichwa chini.

"Ulisema 'locked'?"

"Nadhani nilisema." Sauti ilikuwa ndogo. "Kiingereza changu ni cha kusukuma, Afande. Kinachotoka ndicho hicho. Nilikuwa nimeshaoga, nimevaa nguo za nyumbani, nataka kuondoka tu."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, na mtu huyu alionekana amejikwaa vyote viwili. Inspekta alitoka nje bila kuaga.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mke wa Sufuria, fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alisimama haraka.

"Mama, leo mnamtoa?"

"Mumeo ni mtu wa kufuli?"

"Yule?" Mwanamke alisahau kulia. "Yule hafungi hata kabati la nyumbani. Panya wanakula sukari yangu mpaka nimewazoea. Nikimgombeza anasema, mke wangu, nimeshindika, inatosha."

Nimeshindika. Inspekta alilibeba neno hilo mpaka kwenye gari. Kiswahili kilikuwa nalo neno lake kwa mlango uliosukumwa tu bila kutiwa kufuli, ila siku hizi watu wamelitupa uvunguni, na wanafunga kila kitu: mlango, bomba, redio, duka, mdomo, mtu. Alijilaumu kwa kutolifikiria mapema, kisha akaona hana muda wa kujilaumu.

*

Nyuma ya hoteli, mashine ya chumba cha baridi ilikuwa ikinguruma kwa nguvu, na hapo hapo Inspekta alielewa kwa nini hakuna aliyesikia mtu akigonga. Fundi wa hoteli alimkuta akiupiga mlango mnene kwa kiganja na kutega sikio.

"Hata ukipiga kwa nyundo, mama, hapa nje unasikia mashine tu," alisema. Alikuwa mtu mfupi, kalamu ya risasi nyuma ya sikio, na macho yaliyokuwa hayatulii.

"Kufuli la mlango huu liko wapi?"

"Niliyemkata ni mimi. Yaani, nililikata mimi," alijirekebisha, jasho likimtoka. "Wiki iliyopita. Ufunguo ulipotea, nyama zikawa ndani, Mpishi Mkuu anapiga kelele kama jogoo. Nikaleta msumeno. Jipya liliagizwa, halijafika."

"Kwa hiyo tangu wiki iliyopita?"

"Unashika mkono wa mlango, unasukuma, basi."

Inspekta alitoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kufuli dogo la shaba lililokatwa upinde, lile alilolikuta mlangoni mwoka mikate alipokuja alfajiri kuchukua siagi, polisi wakalikata. "Na hili?"

Fundi alilitazama. Kwenye sanduku lake la zana, pale pale miguuni, palikuwa na kufuli la shaba la ukubwa ule ule. Wote wawili waliliona kwa pamoja.

"Mama, nisikilize—"

"Nakusikiliza."

"Haya tulipewa. Wafanyakazi wote. Kila mmoja na kufuli lake la kabati la nguo. Mimi langu nikalihamishia kwenye sanduku, maana humu watu wana mikono mirefu, bisibisi hazikai. Ukitaka ufunguo huu hapa. Jaribu mwenyewe."

Inspekta alijaribu. Kufuli likafunguka kama kawaida. Alilirudisha, akauliza makabati yako wapi, na fundi akamwonyesha kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka viatu na marashi. Makabati ya bati yalipangwa ukutani, kila moja na kufuli dogo la shaba. La Sufuria lilikuwa nalo. La fundi halikuwa nalo, kama alivyosema, na ndani mlikuwa na soksi tu. Moja la mwisho, karibu na dirisha, lilifungwa kwa kamba ya kiatu, fundo limekazwa vizuri na ncha zimechomekwa ndani zisionekane. Mlangoni palibandikwa kadi yenye cheo: Msimamizi wa Mapokezi.

Inspekta hakulifungua. Mtu anaweza kupoteza kufuli kwa sababu elfu moja. Akaenda mapokezi.

Msimamizi alikuwa katika kikao na wenye hoteli. Kwenye meza alikuwepo mpokezi, dada mchangamfu mwenye kucha ndefu, ambaye alimwona Inspekta na papo hapo akaamua kwamba huyu ndiye mtu wa kumwaga umbea.

"Sufuria ameua? Yule akikanyaga mende anamwomba radhi. Kaa, afande, kiti hicho. Ni cha Kamusi, lakini hayupo."

"Kamusi?"

"Msimamizi wetu. Ndiye aliyekuwa akitufundisha Kiingereza, kila alasiri, kantini. Ukikosea neno hawezi kupumua mpaka akusahihishe. Ukilala ukakoroma vibaya atakusahihisha mkoromo."

Inspekta hakukaa. Alikuwa ameanza kuzunguka zulia la ukumbi, na wageni wawili waliokuwa wakisubiri teksi walisogeza masanduku yao. "Jioni ile ulikuwa zamu? Ulisikia Sufuria akiaga kwenye redio?"

"Nani hakusikia! Sufuria kwenye redio ni sinema. Ninangoja kila siku." Mpokezi alikunja sura, akatoa sauti nzito ya mwosha vyombo. "'Kitchen clean, cold room closed, good night everybody!'"

Inspekta alisimama katikati ya zulia.

"Closed?"

"Eeh. Na Kamusi hapo hapo, kwenye kiti hicho, hata hajapumua, akabonyeza redio yake: 'Locked. Say locked.' Na Sufuria wa watu, mwanafunzi mtiifu: 'Locked, sir, thank you, sir.' Nilicheka mpaka mgeni mmoja akaniuliza nina nini."

"Mlinzi wa getini anasema alisikia 'locked' tu."

"Mlinzi alikuwa anafungua geti. Basi zima la wageni lilikuwa linaingia, honi juu. Lazima alisikia mkia wa maneno." Kucha zikagonga meza. "Na kusema kweli, mimi nilishangaa kidogo. Kwa nini 'locked'? Maana yeye mwenyewe darasani..." Akanyamaza ghafla. Hata mmbea huwa na mahali ambapo mguu wake unagota.

"Darasani alisema nini?"

Mpokezi alimwita mfagiaji aliyekuwa akipita na ndoo. "Shangazi! Njoo kidogo. The gate is?"

"Locked!" mfagiaji alijibu kwa nguvu, akajinyoosha na fagio lake kama yuko chekechea.

"The cold room is?"

"Closed!"

"Why?"

"No padlock!" Mfagiaji alitabasamu, akajipangusa jasho. "Hayo ndiyo niliyoyashika tangu tuanze. Tumeimba wiki nzima. Kamusi alisema ukitaka kujua tofauti ya maneno hayo mawili, fikiria geti na fikiria chumba cha baridi."

"Asante, shangazi," Inspekta alisema. Moyo wake ulikuwa unaenda mbio, na hakupenda. Mtu anayekwenda mbio huruka vitu. Alijilazimisha kuuliza pole pole. "Kabla ya Sufuria kuaga, Kamusi alikuwa wapi?"

"Alitoka nyuma kupunga hewa. Akarudi, akakaa. Basi likaingia, tukazama kazini."

"Alikuwa na ugomvi na Mpishi Mkuu?"

Mpokezi aliangalia mlango wa chumba cha mikutano, kisha akainama juu ya meza. Sauti yake haikuwa na kicheko tena.

"Wenye hoteli walikuja, tukawafanyia chakula. Kamusi akasimama kutoa hotuba. Amejiandaa wiki nzima, suti amepiga pasi mpaka inakata. Akasema, 'When you are not here, we are all very boring.'"

"Na kosa liko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Alitaka kusema 'bored', afande. 'Bored' ni mimi nikichoshwa. 'Boring' ni mimi nikikuchosha wewe. Aliwaambia matajiri kwamba sisi wote ni watu wa kuchosha. Mpishi Mkuu alicheka mpaka kijiko kikamtoka mkononi. Akamsahihisha mbele za watu, kwa sauti, kama yeye anavyotufanyia sisi. Wenye hoteli nao wakacheka. Wakasema darasa achukue Mpishi Mkuu, maana Kiingereza ni lugha ya mama yake. Tangu siku hiyo kwenye redio hakuitwa tena kwa cheo. 'Mister Boring, come in, Mister Boring.' Hoteli nzima inasikia." Alijikuna shingo. "Sisi tulicheka. Mimi pia nilicheka. Sasa naona haya."

*

Inspekta hakumkamata Kamusi. Alimwomba msaada.

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu mlango wa hoteli hadi wa kituo: kwamba faili lina Kiingereza cha kubabaisha, kwamba Sajenti anajitahidi lakini ukoko ni ukoko, si wali, kwamba jambo zito kama hili linahitaji mtu anayejua uzito wa neno. Kamusi aliketi wima, suruali ameivuta kidogo magotini isijikunje. Alikuwa mtu nadhifu, wa makamo, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala vizuri.

Mkuu wa kituo alichungulia. "Inspekta, dereva anangoja hilo faili. Ofisi zinafungwa."

"Nalikagua lugha, Mkuu."

"Lugha!" Mkuu alisema, akabamiza mlango.

Sajenti, uso umevimba kwa hasira ya kuitwa ukoko, alisoma: "'I cleaned the kitchen. I locked the cold room.'"

"Ni sahihi?" Inspekta aliuliza.

"Ni sahihi kabisa," Kamusi alisema.

"Si 'closed'?"

"Hapana. Mlango ulikuwa na kufuli. Penye kufuli ni 'locked'."

"Nisaidie mimi, maana shule yangu ilikuwa ya jioni. Watu wa kawaida wanatofautishaje? Nipe mfano wa 'locked'."

"The gate is locked."

"Na wa 'closed'?"

Kamusi alifungua mdomo. Inspekta aliziona herufi zikifika mpaka kwenye midomo yake, zikarudi.

"The... the window is closed," alisema.

"Dirisha." Inspekta alianza kuzunguka. "Ajabu. Nimewauliza mfagiaji na mpokezi. Hakuna aliyetaja dirisha. Wote wananiimbia chumba cha baridi. 'Closed, no padlock.' Wimbo wako, Mwalimu."

"Ni mfano tu."

"Mfano mzuri. Ulijua kwamba mlango ule hauna kufuli, ukaifundisha hoteli nzima. Sufuria akaushika wimbo, na jioni ile akasema 'closed', kwa usahihi, mwanafunzi aliyefaulu. Ukamsahihisha. Kwa nini?"

"Nilikosea."

"Wewe?"

Lilikuwa neno dogo, lakini lilimchoma. Shingo ya Kamusi ilinyooka. "Kila mtu hukosea. Ilikuwa kelele, basi lilikuwa linaingia..."

"Ulikuwa mapokezi. Jikoni hukuonekana. Mtu wa pekee duniani ambaye angejua kwamba neno sahihi dakika ile si 'closed' tena ni yule aliyeutia mlango kufuli. Umelipata neno sahihi, Mwalimu, mapema mno. Ungekosea tu, nisingekuwa na kitu." Aliweka mezani mfuko wa plastiki wenye kufuli la shaba. "Kabati lako nimeona limefungwa kwa kamba ya kiatu. Hiyo kwa Kiingereza nayo ni 'tied', siyo? Maana kwetu ni kufunga vilevile."

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa kilijua. Kamusi alitazama kufuli bila kupepesa.

Inspekta alijua bado hana kitu cha kumshika. Kufuli la kabati, wimbo wa wafagiaji, kichekesho cha mpokezi: wakili mzuri angevipeperusha kama makapi, na Sufuria angebaki mahabusu. Dereva nje alipiga honi. Inspekta akajaribu kitu cha mwisho, na akakifanya kwa sauti ya mtu aliyechoka na karatasi.

"Sajenti, chukua ukurasa mpya. Mashtaka, badala ya jina la Sufuria weka la Mwalimu. Andika kwa Kiingereza: alimuua Mpishi Mkuu."

Sajenti aliandika, akasoma kwa sauti kama ilivyo kanuni. "'He murdered the head chef.'"

"Vizuri. Piga muhuri."

Vidole vya Kamusi vilisogea juu ya meza. Vilisimama. Vikasogea tena.

"Hapana," alisema.

"Nini hapana?"

"Neno." Alielekeza kidole kwenye karatasi. "'Murdered' ni kwa aliyekusudia. Hapo neno sahihi ni 'killed'."

Kalamu ya Sajenti ilibaki hewani. Kamusi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akajiziba mdomo kwa viganja viwili, kama mtoto, wakati neno lilikuwa limeshafika mbali.

Inspekta alivuta kiti. Sajenti alishangaa kuliko alivyoshangaa maungamo yenyewe: Pangaboi ameketi.

"Nieleze tofauti," alisema kwa upole.

"Nilimwona akiingia kukagua samaki." Maneno yalipita katikati ya vidole. "Nilikuwa uani, kufuli la kabati liko mfukoni. Nilitaka agonge. Basi. Agonge, aniombe kwa adabu, aniite kwa jina langu nililopewa na baba yangu. Ningemwacha kidogo tu nimfungulie. Sikuwa na nia, mama. Naapa sikuwa na nia."

"Halafu?"

"Nikarudi mapokezi kuonekana. Sufuria akasema lile neno, mdomo ukanitoka kabla sijafikiri. Basi likaingia. Wageni, mizigo, funguo za vyumba, kila mmoja ananivuta huku na huku."

"Na wageni walipokwisha kulala?"

Kamusi alishusha mikono. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Nilikwenda mpaka mlangoni. Nikazima mashine ili nisikie. Kulikuwa kimya. Nikajua amekufa. Nikasema nikifungua, kila mtu atajua ni mimi. Nikawasha mashine tena."

"Ufunguo ulikuwa nao?"

"Mkononi."

"Uliita jina lake?"

"Sikuita."

Inspekta alitoa ripoti ya daktari kwenye faili, akaiweka mbele yake, hakumsomea. Alimweleza kwa Kiswahili chepesi, jinsi daktari alivyomweleza yeye. Yule mtu aligonga mpaka vifundo vya vidole vikachubuka, kisha nguvu zikamwisha, akakaa juu ya kreti na kujifunika aproni apate joto. Alikaa hivyo muda mrefu. Alikata roho kulipokaribia kupambazuka.

Kamusi alilia kwa sauti. Ilikuwa sauti mbaya kuisikiliza, na Inspekta alimhurumia, na hakuificha huruma hiyo. Alimsogezea glasi ya maji. Kisha akainuka, akafungua mlango, akamwambia konstebo aliyesimama pale amtoe Sufuria, amvue pingu, na amwite mkewe aliyeko kwenye benchi.

Nje honi ililia tena. Sajenti alikuwa bado ameishika kalamu juu ya karatasi, akimtazama mkubwa wake kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuwa nao.

"Afande," aliuliza, "sasa niandike lipi, 'murdered' au 'killed'?"

"Lile la kwanza."